Naomba ushauri: kano ya farasi, wiki ya 14, aanze kukimbizwa?

Wakuu, naomba mawazo ya waliowahi kuuguza jeraha la kano.

Farasi ana kilo 480. Kano ya nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, ile iliyo karibu na ngozi, ilichanika katikati. Wiki 2 za mwanzo alikaa bandani tu: maji baridi dakika 20 mara 3 kwa siku, bandeji juu ya pamba nene, na fenilibutazoni (dawa ya maumivu na uvimbe) kwa kipimo cha daktari. Kisha kutembezwa kwa kamba mara 2 kwa siku, dakika 10, kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare, nikiongeza dakika 5 kila wiki 2. Sasa ni 35.

Uvimbe umekwisha na hachechemei. Ndiyo mtego wenyewe huo, maana maumivu huisha mapema kuliko nyuzi kushikana, na tishu mpya hainyumbuki kama ya awali. Ultrasaundi ya wiki ya 12 bado ina doa jeusi, yaani pale nyuzi hazijajaa, japo limepungua.

Je, nianze kumkimbiza polepole dakika 2 hivi, au nisubiri picha nyingine?

Akitolewa bandani hurukaruka. Ruko moja laweza kuchana upya. Kuna aliyetumia asepromazini, dawa ya kumtuliza farasi, kwa matembezi tu?

La tatu linanikosesha usingizi: kwato ya mguu wa kulia, uliobeba uzito muda wote, ina joto kidogo jioni; nahofia laminitisi, uvimbe wa ndani ya kwato. Nafaka nimeshaondoa, anakula nyasi kavu kilo 8. Daktari anakuja kesho. Nimwombe eksirei ya kwato hiyo?