Tupeane uzoefu: mapambo ya Pasaka mliyotengeneza na watoto nyumbani yaliishia wapi?

mtindi mgando
Habari zenu wadau. Leo napanga kabati nimekuta kijisalaba cha ukuti kimekauka, kimefungwa uzi mwekundu wa cherehani. Mwanangu alikisuka Jumapili ya Matawi mwaka juzi. Sasa hivi yuko bweni, simu hapigi mpaka matroni apende. Nimekaa kitandani juu ya nguo nilizokuwa nakunja, sijui hata nafanya nini.

Nyie mliwahi kupamba Pasaka na watoto? Nasema yale ya kuokoteza, makuti, manila, maganda ya mayai, sio ya kununua Kariakoo. Sisi mwaka ule tulikata vibendera vya karatasi za rangi, tukabandika kwa uji wa ngano, tukatundika barazani Jumamosi jioni. Masika mnaijua. Asubuhi ukuta wa mwenye nyumba una michirizi ya zambarau mpaka chini, na kodi ndiyo hiyo imefika.

Kifuu Kitupu
Uji wa ngano tena! Kwetu panya walimaliza mapambo yote kabla ya Ijumaa Kuu. Walibakiza uzi.

shangazi mkorofi
Hicho kijisalaba usikitupe jalalani. Kirudishe kanisani kichomwe, ndiyo majivu ya Jumatano ya Majivu hayo.

MamaPacha
Mnalia na karatasi. Mimi nina la pamba.

Kulwa na Doto walikuwa na miaka sita. Tukakubaliana tutengeneze wanakondoo: unakata umbo kwenye manila, unabandika pamba, unachora macho. Pamba ile ya duka la dawa. Gundi ya uji ikawa haikauki, mwanakondoo ananyonyoka manyoya kila akiinuliwa. Kwa haraka zangu nikachukua supa gluu ya baba yao, anayobandikia soli. Nikasema nitadondoshea mimi mwenyewe. Nikageuka kuangalia maharage.

Doto akaikamulia kwenye fungu la pamba alilolishika mkononi. Nasikia "moto! mama, moto!" Narudi, moto siuoni. Naona kamoshi kembamba kanatoka katikati ya vidole vya mtoto. Jamani. Nikaikamata ile pamba niivute, nikaungua na mimi, na kidole changu kikaganda kwenye chake. Sasa tuko wawili tumeshikana, analia, nalia, na Kulwa amesimama juu ya kochi anakemea "shindwa! shindwa!" kama anavyosikia kwenye mikesha.

Nikatumbukiza mikono yote kwenye ndoo ya maji. Moshi ukaisha, kuachana hatuachani. Tumepanda bodaboda hivyo hivyo, mimi na kanga ya jikoni, mtoto kwenye paja, hadi zahanati. Tabibu hata hakushangaa. Akasema supa gluu ikikutana na pamba inachemka yenyewe. Akatuloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, akatutenganisha taratibu kama anamenya chungwa. Doto alitoka malengelenge vidole viwili. Usiku wa mkesha alishika mshumaa kwa mkono wa kushoto.

Mwanakondoo wa Kulwa bado yuko ukutani. Hana miguu ya nyuma.

Kifuu Kitupu
Kulwa juu ya kochi hahahaha

dereva wa Fuso
Chai hii. Gundi itoe moshi bila kiberiti?

soli mbili
Mkuu, sio chai. Mimi fundi viatu. Ilinidondokea pajani nimevaa suruali ya pamba, niliivua mbele ya wateja.

MamaPacha
Dereva, njoo uone kovu. Uje na soda.

dereva wa Fuso
Sawa, nimekubali yaishe. Lakini ya kugandana dawa yake mafuta ya taa.

shangazi mkorofi
Mafuta ya taa kwenye malengelenge ya mtoto? Dawa ni ile ya kufutia rangi ya kucha, kwa ngozi isiyo na kidonda tu. Na usiipake kwa pamba uliyoshika huku gluu bado mbichi, mtarudi zahanati.

soli mbili
Dawa ni kuangalia watoto, maharage yaungue.

neno moja tu
Samahani wapendwa, ila mayai na sungura tumeletewa. Kwenye Biblia sungura wa Pasaka yuko wapi?

mtindi mgando
Sungura hajatajwa na mtu hapa.

neno moja tu
Mayai je?

shangazi mkorofi
Sisi tulifundishwa yai ni kaburi, kifaranga anatoka mzima. Wewe mbona picha yako ya wasifu umesimama na mti wa Krismasi?

neno moja tu
Ule ulikuwa wa ofisini.

Kifuu Kitupu
Wa ofisini, na pajama?

karafuu kavu
Mie Muislamu wa Unguja, nimepita tu. Watoto wa jirani yangu waliniletea mayai wakanambia bibi tupambie. Nikawachorea maua kwa hina kama mkono wa bi harusi, nikayaacha usiku kucha. Yalitoka kahawia, mazuri hasa. Mama yao aliyapeleka kanisani, halikuliwa hata moja.

mtindi mgando
Bibi, mayai ya kisasa au ya kienyeji?

karafuu kavu
Ya kienyeji, yale meupe meupe. Yale mekundu ya trei rangi haionekani.

soli mbili
Mke wangu huchemsha na maganda ya vitunguu, sufuria tele, na kijiko cha siki. Yanakuwa kama matofali ya kuchoma. Vitunguu vyenyewe tunakula wiki nzima.

dereva wa Fuso
Ila myale mapema. Binti yangu alificha la kwake nyuma ya redio ambayo kila siku inapata joto. Mwezi wa sita likapasuka. Viza lile tulilala nje.

ndizi mshare
Kwetu Moshi mwanangu aliambiwa na mwalimu wa Sunday school apambe mlango kwa majani mabichi. Akaenda akakata masale, akasuka shada la duara, akatundika. Masale yenyewe ameyakata kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, ule ule ambao baba na baba mdogo wamegombania miaka minne hawasalimiani.

Jumapili baba mdogo anapita kwenda ibadani, akaona isale mlangoni. Wachagga mnajua, ukipewa isale, yaani jani moja la masale, maana yake unaombwa msamaha. Alisimama pale muda, akavua kofia, akaingia. Baba alikuwa anakunywa chai, kikombe kikabaki hewani. Wakakumbatiana. Mtoto analalamika babu mdogo ameharibu pambo lake.

MamaPacha
Mlimwambia baba mdogo ukweli?

ndizi mshare
Mwaka wa saba huu hajui. Bahati nzuri simu yake ni ya kitochi.