Mjadala: Je, elimu ya fedha za nyumbani ifunzwe katika Masomo ya Jamii?

Mchangiaji aliyenitangulia ameandika kwamba fedha ni hesabu, na kwa hivyo mada ya matumizi, akiba na mikopo iachiwe mwalimu wa Hisabati au yule wa masomo ya ufundi, ambako Biashara iliingizwa masomo ya Sekondari ya Msingi (Gredi ya Saba hadi ya Tisa) nchini Kenya yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9. Naiheshimu hoja yake ila siikubali, na sababu yangu niliipata darasani.

Niliwaandikia wanafunzi wangu wa Gredi ya Nane, hapa Kayole, Nairobi, mfano wa mkopo unaochukuliwa kupitia simu: shilingi 2,000, ada ya asilimia 7.5, muda wa siku 30. Shilingi 150 waliipata kabla sijaweka chaki chini. Nikawauliza, mama muuza mboga akikopa na kulipa hivyo kila mwezi, atakuwa ametoa ada kiasi gani kwa mwaka? Walipofika 1,800, karibu sawa na mkopo wenyewe, darasa lilinyamaza, kisha msichana aliyeketi karibu na dirisha akauliza: "Mwalimu, kwa nini inaitwa ada na si riba, na nani aliruhusu?"

Swali hilo Hisabati haina jibu lake. Jibu limo katika sheria na katika kazi ya Benki Kuu, ambayo kwa kanuni za mwaka 2022 iliwataka wakopeshaji wa kidijitali wapate leseni na kuwakataza kuwasumbua jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Ni wazazi wangapi mtaani wanaolijua hilo? Watoto hawa walizaliwa baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, na simu ndiyo benki ya kwanza waliyoiona nyumbani.

Nakubaliana na aliyesema kwamba bajeti haimshibishi asiye na kipato. Sitaki kabisa somo la kumsuta maskini kana kwamba hajui kuweka akiba, maana anayelipwa kibarua cha siku huipanga kila shilingi kabla haijamfikia mkononi.

Ninachoomba kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ni mada moja kamili, ambamo mkataba halisi wa mkopo utasomwa mstari kwa mstari, na mwenye kuufunza awe mwalimu, si afisa wa kampuni inayokopesha.