Pasi nne za msimu za kuingia bustani ya michezo, dola 436, tumefika rola kosta 5 kati ya 11 zimefungwa. Eti hawana wafanyakazi!

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa maisha ya Marekani. Nina povu la siku tatu na nataka litokee hapa hapa.

Najua watakuja wale wa "mkuu, hilo ni tatizo la mtu aliyeshiba". Sawa, nimeshiba. Ila shibe yenyewe inatoka kwenye zamu ya usiku ghalani, nabeba maboksi kuanzia saa nne usiku hadi jua linachomoza, kwa hiyo mniache nilalamike kwa raha zangu.

Kwa walio nyumbani: chukua Fun City ya Kigamboni, izidishe mara kumi na kitu, weka rola kosta 11, zile treni za reli za juu zinazopandishwa polepole kisha zinaachiwa ziporomoke watu wakipiga ukunga. Pembeni ongeza bustani ya maji. Huku kaskazini mwa Marekani baridi hairuhusu kuendesha mwaka mzima, kwa hiyo wanafungua Mei, Juni na Julai wanapiga kazi kila siku, shule zikifunguliwa wanabaki na wikiendi tu hadi Oktoba. Unakata tiketi ya siku moja, au unanunua pasi ya msimu uingie hata kila siku ukitaka. Pasi zinaanza kuuzwa Septemba ya mwaka wa nyuma, bei ikiwa chini, na hapo ndipo waliponinasa. Pasi nne, dola 109 kila moja, nikalipa kwa mafungu 12 ya dola 36 na senti zake. Jina la bustani siliweki, sitaki kesi.

Msimu huu tumeenda mara tatu. Juni tulikuta radi, hiyo siwalaumu, radi ikipiga wanasimamisha kila kitu na ni haki yao. Julai ilikuwa ya kuvumilika. Ni hii ya Jumatano ya juzi, wiki ya pili ya Agosti, iliyonifungua macho.

Mwanangu wa pili mwaka jana alipimwa kwenye kile kijiti cha mlangoni pa rola kosta ya mbao, akapungua vidole viwili. Sharti ni inchi 48, kama sentimita 122. Tangu siku ile fremu ya mlango wa jikoni kwetu imejaa alama za penseli. Kila Jumapili anavua viatu, anaegemea, anajivuta mpaka mama yake amkandamize visigino chini. Julai wakamrudisha tena, kapungua kidogo tu, akalia hadi kwenye maegesho. Tarehe 3 Agosti alama ikapita. Nikaomba siku moja ya mapumziko kazini, nikajaza mafuta, saa mbili na dakika kumi barabarani, dogo anaimba njia nzima.

Getini madirisha mawili yanafanya kazi, mengine nane yamefungwa. Dakika 50 juani. Tulipoingia tu akatoka mbio. Nilipomfikia nilimkuta amesimama mbele ya mnyororo wa njano, kiganja bado kiko juu ya utosi, anajipima na kile kijiti. Kwenye mnyororo kuna karatasi ndani ya plastiki: kivutio hiki hakifanyi kazi leo.

Nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa anafagia, imeharibika? Akasema hapana, nzima kabisa, wiki hii hakuna watu wa kuiendesha.

Wiki hii! Yaani Jumatatu walishajua. Walijua, na asubuhi ile nikiwa bado nakunywa chai, programu yao ya simu ilikuwa inaniletea ujumbe wa kunikaribisha na picha ya rola kosta ile ile.

Tukahamia nyingine, ya chuma, ile kubwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu wengi hawaelewi jinsi mtu mmoja akikosekana foleni inavyovimba. Rola kosta ile ina treni mbili. Moja ikiwa inazunguka, nyingine inapakia stesheni, ndiyo maana foleni inatembea. Juzi treni ya pili ilikuwa imeegeshwa kwenye reli ya pembeni, tunaiona kabisa kutoka kwenye foleni, inang'aa, haina hata mtu. Iliyokuwa kazini ina viti 28. Nikatoa simu nikapima: kutoka inapoondoka hadi inapoondoka tena, dakika 4 na sekunde 20. Piga hesabu mwenyewe. Ni watu wasiofika 400 kwa saa, na mbele yetu walikuwa kama 700.

Kwa nini dakika nne na zaidi? Kwa sababu kila mkanda na kila chuma cha kifuani lazima kivutwe kwa mkono na mfanyakazi kabla treni haijaachiwa. Kawaida wanakuwa wawili, mmoja kila upande, wanakutana mkiani, wanainua kidole gumba kwa yule aliyekaa kwenye vibonye. Juzi alikuwepo binti mmoja. Anaanza kushoto, anavuta viti 14, anazunguka nyuma ya treni, anavuta 14 vya kulia, anarudi mbele, anainua kidole. Tena na tena. Shati limelowa mgongo wote. Sidhani kama alikuwa amefika miaka kumi na minane.

Na hapa nikiri. Tulipofika mbele, saa moja na dakika 50 baadaye, nilimfokea yule binti. Nilisema maneno siyaandiki hapa. Mama Neema akanishika mkono, "Baba Neema, huyo ni mtoto wa mtu. Yeye ndiye kakuuzia pasi?" Nikanywea. Binti wa watu hakujibu chochote, akavuta mkanda wangu mara mbili akaenda kiti kinachofuata.

Sasa swali la mke wangu ndilo limenileta humu. Nani kaniuzia pasi?

Jirani yetu ni Mkongo wa Bukavu, na binti yake anafanya kazi kwenye bustani hiyo hiyo tangu Juni. Jana jioni nikamuuliza kulikoni. Akacheka kwanza. "Papa Neema, tuko batu batatu tu pale, tulipaswa kuwa sita. Mmoja akienda kula, shefu anatuambiaka tufunge." Eti kuna siku alikaa saa sita hajaenda hata chooni kwa kukosa wa kumpokea. Na wanafunzi wa chuo wote wanaaga wiki ya pili ya Agosti, kila mwaka, tarehe zao wanaziandika kwenye fomu siku wanayoajiriwa. Nimerudia: wanaziandika kwenye fomu, siku wanayoajiriwa.

Kwa hiyo mtu aniambie hii "changamoto ya wafanyakazi isiyotarajiwa" waliyoandika kwenye tangazo lao ni ipi. Shule inafunguliwa Agosti kila mwaka. Wageni wanaokuja kwa viza ya J-1 ya kazi za kiangazi, akina Jamaika na Romania, wanaruhusiwa miezi minne tu, na vyuo vyao navyo vinafunguliwa. Watoto wa miaka 14 na 15 sheria ya shirikisho inawakataza kuendesha mashine hizi, wanaishia kuuza bisi na kuokota vikombe. Yote hayo yanajulikana hata Januari. Na Septemba iliyopita, walipokuwa wananiuzia pasi yenye kalenda inayoonyesha "wazi" kila siku hadi Agosti 20, walikuwa wanajua hawana watu wa kuijaza hiyo kalenda.

Hii ni kama konda anayekata tiketi 80 za basi la siti 45, halafu safari ikianza anawaambia abiria mjibane kuna uhaba wa siti. Uhaba gani kaka, wewe si ndiye umekata tiketi!

Mwaka 2020 na 2021 niliwaelewa. Trump alisimamisha hizo viza za J-1 Juni 2020, korona ikafanya yake, watu walikosekana kila mahali. Ile Cedar Point kubwa ya Sandusky, Ohio (siyo niliyoenda mimi) ilifunga baadhi ya siku za katikati ya wiki Juni 2021, na mwaka huo huo ikapandisha malipo ya vibarua wa msimu hadi dola 20 kwa saa. Siwapigii debe, lakini angalau walitangaza siku zilizofungwa kabla mtu hajawasha gari, na walijua dawa ya kukosa watu ni kulipa. Huku kwetu wanalipa nini? Binti wa jirani anapata dola 12 na nusu. Kibanda cha kuku nje ya geti lao kimebandika 16. Wewe ungesimama juani wapi?

Na hapo kuna jambo nililijua kwa kusoma mwenyewe baada ya hasira kunipanda: bustani isiyofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka, sheria ya shirikisho inaiondolea hata lazima ya kima cha chini na ya malipo ya saa za ziada. Kima chenyewe cha shirikisho ni dola 7.25, hakijapanda tangu 2009. Majimbo mengine yana sheria zao kali zaidi, lakini mnaona upepo unavyovuma. Mtu anapewa mlango wote huo wa kubana mishahara, anabana, halafu analia hana watu.

Bustani ya maji ndiyo usiseme. Mabomba ya kuteleza manne yanatiririsha maji bila mtu hata mmoja, kwa sababu waokoaji wamebaki wa bwawa la mawimbi tu. Chakula, kibanda kimoja kwa upande mzima ule. Nilikuwa nimelipia na kikombe cha soda cha msimu, mashine tatu zimefunikwa turubai. Nikanunua maji dola 5.

Nilikwenda huduma kwa wateja. Mama mmoja mpole sana akanionyesha masharti kwenye simu yangu mwenyewe: saa na vivutio vinaweza kubadilika bila taarifa, pesa hairudishwi. Nilisaini, ni kweli. Lakini kubadilika bila taarifa ni kwa radi, kwa mashine kufa ghafla. Ratiba ya wafanyakazi iliyopangwa tangu Jumatatu haijabadilika bila taarifa, imefichwa. Nikamuuliza kama nikitaka kuruka foleni? Macho yakamwangaza: kipo kibali cha ziada, dola 85 kwa kichwa. Kwa hiyo treni ya pili wanaiegesha, foleni inakuwa saa mbili, halafu wananiuzia njia ya kuikwepa foleni. Sisemi wanafanya makusudi. Nasema haiwaumi.

Mimi wala sidai rola kosta zote 11 ziwe wazi kila siku, nina akili zangu. Nataka saa mbili asubuhi programu yao iniambie zipi zimefungwa kwa kukosa watu. Basi. Msimamizi anayo hiyo karatasi usiku uliopita, binti wa jirani kanithibitishia, wanabandika hadi kwenye chumba cha wafanyakazi. Ningeiona, dogo angebaki nyumbani anacheza mpira na mimi ningelala.

NYONGEZA: Naona mmoja kaandika huko chini kwamba pasi "inajilipa ukienda mara mbili tu, acha ulafi". Mkuu, hesabu hiyo ni sahihi kama kila unapoenda unakuta ulichonunua. Ukienda mara mbili ukakuta nusu, umeenda mara moja. Na mwingine kauliza kwa nini nisiende Jumamosi wanapokuwa na watu wengi. Jumamosi nipo ghalani, na kalenda niliyouziwa haikuandika Jumatano ni nusu siku.

NYONGEZA 2: Wamejibu barua pepe yangu. Wanasikitika kwa usumbufu, wananipa kuponi nne za aiskrimu, mwisho wa kutumika ni Agosti 31. Kuanzia wiki ijayo wanafungua wikiendi tu, na wikiendi zangu zote hadi hapo nipo zamu.

Sasa wakuu, msaada wa haraka. Mkataba unasema baada ya mafungu 12 makato yanaendelea yenyewe kila mwezi mpaka uyasimamishe, na yanayofuata ni Septemba 5. Kwenye programu sioni pa kusitisha, simu yao inaniweka kwenye muziki dakika 40 kisha inakata. Aliyewahi kujitoa alipitia wapi? Benki ikizuia makato wanakupeleka kwa wakusanya madeni au wananyamaza?