Naomba ushauri: nimefiwa na mgonjwa wangu mdogo

Wenzangu, hamjambo. Mimi ni daktari wa watoto katika hospitali ya misheni hapa Nairobi. Majuzi tulimpoteza msichana wa darasa la pili. Ilikuwa kisukari aina ya kwanza. Ile kiu na kukojoa kila mara, nyumbani walidhani ni joto tu. Alifika akihema kwa nguvu, pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Dripu na insulini tulimpa, lakini ubongo ulivimba. Mama yake alinishika mkono akasema, "Asante daktari, ni mapenzi ya Mungu." Shukrani hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Mliopitia haya, mlifanyaje? Niombe likizo, ama nijikaze wodini? Na je, ni sawa nihudhurie mazishi?