Naomba ushauri kuhusu michezo ya kuimba kwa watoto wa PP1

Walimu wenzangu, hamjambo. Ninafundisha watoto wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, katika shule moja hapa Kisumu, na ningeomba mawaidha ya wale waliowahi kufundisha muziki kwa michezo ya kuimba, kwa kuwa darasa letu halina ala yoyote isipokuwa kayamba moja iliyochakaa.

Wakiwa wameketi, watoto hupiga makofi wakifuata mapigo vizuri sana. Lakini tukiinuka na kuzunguka katika duara, wimbo huanza kukimbia, na kabla ya ubeti wa pili kila mmoja huwa na mwendo wake. Mwalimu wa muziki Émile Jaques-Dalcroze wa Uswisi aliufanya mwili wenyewe kuwa chombo cha kujifunzia mapigo, naye mtunzi na mwalimu wa muziki Zoltán Kodály wa Hungaria alisisitiza nyimbo za kienyeji ambazo watoto tayari wanazijua. Ninakubaliana nao wote wawili. Je, niwafuate watoto kwa mwendo wa hatua zao, ambazo kwa kweli ni za haraka kuliko zangu, kisha niupunguze mwendo huo polepole, au nishikilie mwendo mmoja kwa kayamba tangu mwanzo?

Pia, je, ishara za mikono zinazoonyesha sauti za muziki *so* na *mi* zinafaa kwa umri wa miaka minne, au nisubiri hadi Gredi ya 1? Zaidi ya hayo, mvua ya alasiri inapotufungia ndani, madawati hayaachi nafasi ya duara, hivyo ningeshukuru kupata michezo ambayo mtoto anaweza kuicheza akiwa amesimama mahali pake.