Naomba ushauri: mawe yanayoteleza mlimani tuyaiteje?

Wakuu, habari zenu. Niko Mbeya, naandaa maelezo ya njia za milimani kwa wanafunzi. Nimekwama kwenye neno moja: yale mawe yaliyomeguka mwambani yakajikusanya mteremkoni, ukikanyaga yanaondoka na mguu. Waingereza huyaita scree, kutoka skriða la lugha ya kale ya Skandinavia, yaani maporomoko. Asili hiyo naipenda sana, maana inataja mwendo wenyewe. Kokoto kwangu ni za zege, changarawe ni ndogo mno, na kifusi ni cha nyumba iliyobomolewa. Nafikiria "mawe ya poromoko". Wenyeji wa Rungwe na Makete, kwenu yanaitwaje? Hata kwa Kisafwa, Kinyakyusa au Kikinga nitashukuru, mradi mnieleze linavyotamkwa.