Wagombea wawili wamegonga mlango wangu Lewiston

Mama Wawili: Habari zenu ndugu. Nimepata uraia, Novemba napiga kura yangu ya kwanza hapa Maine, Marekani. Wagombea wawili wa Baraza la Wawakilishi la jimbo wamefika hadi mlangoni. Wa kwanza kaahidi kutuharakishia vibali vya kazi. Wa pili hakuahidi kitu. Aliona rangi inavyobanduka dirishani, akauliza kama mtoto ameshapimwa madini ya risasi. Nyumba zetu hizi za zamani mnazijua, rangi yake mara nyingi ina risasi. Mimi moyo uko kwa wa pili, ila shemeji anasubiri kibali, anamtaka wa kwanza. Mnasemaje?

Mzee wa Kisangani: Dada, vibali vinatoka Washington, kwa serikali ya shirikisho. Mbunge wa jimbo hana muhuri huo, na anayeahidi ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua. Ukimwona tena muulize ya mezani kwake: pesa za shule, msaada wa kodi ya nyumba, MaineCare (bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo). Na muhula ni miaka 2 tu, usiogope kukosea.

Fundi: Wa kwangu aliniomba dola 5. Nikadhani njaa! Kumbe ni utaratibu: akipata wapigakura 60 wa eneo lake wakatoa hivyo, anaweza kugharamiwa kampeni na mfuko wa umma badala ya kutegemea matajiri. Nikatoa.

Mama Wawili: Asanteni. Shemeji nitamwambia taratibu, kwa chai. Mtoto anapimwa Jumatatu.